Kiatu cha Mmaasai ni kipi hasa? Jibu kwa muuza viatu wa Shela

Swali: "Assalamu alaykum, ami. Nina kibanda cha viatu vya ngozi hapa Shela. Vinavyotoka sana ni vile vyenye kanda za shanga, ambavyo kila mtu anaviita sandali za Kimaasai. Nimevitengenezea vikaratasi vya kufunga kwenye gidamu. Nimeandika kwamba ndivyo viatu walivyovaa Wamaasai tangu enzi za mababu, na chini yake nimetaja rangi: nyekundu ushujaa, nyeupe amani, nyeusi huzuni. Juzi mlinzi wa nyumba ya jirani, mwenyewe Mmaasai, alikichukua kikaratasi, akakisoma polepole, akakirudisha mahali pake, akaenda zake asiseme neno. Tangu siku ile sina raha. Je, nimeandika uongo? Kiatu chao cha asili ni kipi, na kina maana gani kwao? Tena mteja mmoja wa hapa hapa Lamu ameniuliza kama ngozi wanayotumia Wamaasai kwa viatu ni tohara, yaani safi kwa sheria ya dini. Nisaidie kabla sijachapisha vingine."

Waalaykum salaam, mwanangu. Hukukusudia uongo, lakini kikaratasi chako kina makosa mawili makubwa, na naamini mlinzi yule ameyaona yote mawili. Kunyamaza kwake ni adabu: hakutaka kukuaibisha mbele ya biashara yako. Umefanya vyema kuuliza. Kutoka Shela hadi Malindi vibanda vilivyoandika maneno kama yako ni vingi, na wewe ndiye wa kwanza kunijia na swali hili.

Nitakujibu kwa urefu kwa sababu ngozi ndiyo iliyonilea. Nimezaliwa Siyu, mjomba wangu alikuwa fundi wa makubadhi, na mimi nimekalia kigoda hiki cha Langoni, mjini Lamu, mwaka wa 31 sasa. Katikati ya miaka hiyo nilikwenda kukaa Kajiado kwa rafiki yangu Mmaasai. Alikuwa mlinzi Malindi, na tulijuana aliponiletea akala, yaani sandali ya tairi, iliyong'oka misumari. Mengi nitakayokwambia niliyaona bomani kwa babake.

Naanza na kiatu chenyewe. Kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, kinaitwa enamuke. Usikitafute kwenye vibanda vya huku, hukipati. Ni kipande cha ngozi kavu ya ng'ombe isiyotiwa dawa, kilichokatwa kwa umbo la unyayo na kufungwa kwa ukanda wa ngozi ile ile. Nilichopewa mimi hakikuwa na ushanga hata mmoja, wala msumari, wala gundi, wala kisigino.

Babake rafiki yangu ndiye aliyenikatia. Ngozi ilikuwa ya maksai aliyechinjwa kwenye sherehe mwaka uliotangulia. Ilikuwa imewambwa chini kwa vigingi, ikakaushwa na jua hadi ukiigonga inalia kama ubao. Mzee akachagua sehemu ya shingo kuelekea mgongoni, kwenye unene, akailoweka usiku kucha kwenye karai. Asubuhi ilikuwa imelegea kama ukoko uliotiwa maji. Akaitandaza, akanambia nisimame juu yake miguu mitupu. Mimi nikavuta kigoda nikae ili apate kupima kwa raha, akanikataza. Mguu wa mtu aliyekaa, akasema, si mguu wa mtu anayetembea. Nikasimama. Akapitisha ncha ya kisu kuzunguka mguu, bila haraka, akiacha upana wa kidole kimoja nje ya mstari.

Neno lile lilinipata, mwanangu. Mjomba wangu alipima wateja wakiwa wamekaa barazani, nami nikarithi hivyo hivyo, na miaka yote nilidhani makubadhi kubana siku ya kwanza ni tabia ya ngozi. Kumbe mguu ukibeba uzito hutanuka, na sisi tulikuwa tukiupima umelala. Tangu nirudi kutoka Kajiado, kila mteja wangu husimama.

Kisha mzee akatoboa matundu matatu, moja kati ya kidole gumba na cha pili, mawili kandokando karibu na kifundo. Ukanda aliutoa kwenye kipande kilichobaki, ambacho hakikuzidi kiganja cha mkono. Alianzia ukingoni akakata kwa kuzunguka, duara ndani ya duara, kama mtu anayemenya chungwa ganda lisikatike, na kile kiganja kikatoa ukanda wa pima nzima. Akanifunga zikiwa bado na unyevu, akanituma kisimani na kurudi ili zikaukie mguuni. Jioni nilipozivua zilikuwa zimeshika umbo la miguu yangu hata ningezipoteza katikati ya mia ningezijua gizani. Zikishakauka hivyo hazimfai mtu mwingine.

Nilikuja nazo Lamu, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba kiatu kina nchi yake. Masika ya mwaka ule zikaota ukungu, zikanuka, zikajikunja kama majani makavu. Ngozi isiyotiwa dawa inaitaka nchi kavu, yenye jua na upepo usio na chumvi. Huku kwetu ngozi lazima ipikwe kwa magome, na mkoko ndio wenye dawa hiyo tele. Magome ya mikoko ya Lamu zamani yalikuwa yakipakiwa kupelekwa nje kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Wamaasai hawakuwa na haja ya hayo kwa viatu vyao. Ngozi ilipochakaa walikata nyingine, kwa nusu siku ya kazi.

Tofauti hiyo ukiielewa utaelewa na mengine. Makubadhi ya Siyu ni kiatu cha mjini. Tunayakata kwa matabaka, tunayatoboa mapambo, mtu huyavaa kwenda msikitini Ijumaa na kuyaacha mlangoni, ambako kila apitaye atayaona. Yametengenezwa yapendeze hata yakiwa hayana mguu ndani. Enamuke ikivuliwa ni kama kipande cha ngozi kilichotupwa, huwezi kuipita njiani ukageuka kuitazama. Uzuri wake wote uko kwenye kutembea. Mtu anafuata ng'ombe kutwa nzima kwenye mawe na mchanga wa moto na miiba ya migunga, na kile kipande kiko kati yake na hayo yote.

Sasa maana. Umeniuliza kiatu kina maana gani kwao, na nadhani ulitaraji nikwambie alama fulani au rangi fulani. Maana iko kwenye ngozi, mwanangu.

Wamaasai husimulia kwamba mwanzo ng'ombe walikuwa juu kwa Engai, yaani Mungu kwa lugha yao, na Engai akawateremsha duniani kwa ukanda wa ngozi uliotoka mbinguni. Wanaendelea kusimulia kwamba Mdorobo, mwindaji, ndiye aliyesababisha ukanda ule ukatike au uvutwe juu, na ng'ombe wakakoma kushuka. Yako masimulizi mbalimbali ya jinsi ilivyotokea, lakini ukanda wa ngozi haukosekani. Mtu aliyelelewa na hadithi hiyo haitazami ngozi kama mimi ninavyoitazama ninapoinunua kwa kilo.

Tena hakuna Mmaasai anayechinja ng'ombe ili apate viatu. Ngozi huja na sherehe, au mnyama anapokufa kwa maradhi au kwa ukame, na ikija hutumika yote. Walilalia ngozi, walivaa ngozi za ndama, kondoo na mbuzi kabla nguo za pamba hazijawaenea katika karne ya 20, walifungia ngozi, walitilia sime kwenye ala ya ngozi. Kijana akitahiriwa hukalia ngozi ya ng'ombe. Katika sherehe zao hukatwa kijipande cha ngozi ya mnyama aliyechinjwa, kikatobolewa, kikavaliwa kidoleni kama pete, kiwe baraka kwa mvaaji. Nimeiona kwa macho yangu. Pete mbichi yenye damu bado pembeni, na mtu mzima ameivaa kwa heshima kama sisi tunavyovaa pete ya akiki.

Kwa hiyo yule mzee aliponikabidhi viatu alinieleza rangi ya maksai yule, mabaka yake yalikuwaje, mamake alikuwa ng'ombe gani, na alichinjwa katika sherehe ya nani. Alichukua muda mrefu kunieleza hayo kuliko kukata viatu. Wakati ule nilimsikiliza kwa adabu tu, nikisubiri amalize. Nilikuja kuelewa usiku, nimelala, kwamba alikuwa ananipa nasaba ya kiatu, na kwamba bila maneno yale angeona amenipa nusu.

Na kuna kutembea kwenyewe. Bibi harusi wa Kimaasai akitoka kwao kwenda kwa mumewe hutembea, taratibu mno, na haruhusiwi kugeuka nyuma. Husemwa akigeuka atakuwa jiwe. Fikiria mwendo huo na kilicho chini ya miguu yake. Mimi sina la kuongeza hapo.

Halafu ikaja tairi. Magari yaliingia nchi hii karne ya 20, kwa hiyo akala haiwezi kuwa na umri mkubwa zaidi ya hapo. Huku Kenya tunaiita akala, wenzetu Tanzania wanasema katambuga. Fundi hukata soli kwenye tairi kuukuu, akakata na kanda, akazipigilia kwa misumari midogo au akazipitisha kwenye matundu. Tairi nzuri kwa kazi hiyo ni ile ya nyuzi. Yenye waya ndani humla fundi visu, na waya ukichomoza humchoma mvaaji. Ukiiangalia akala ubavuni utaona mbele na nyuma imeinuka kidogo kama omo na tezi ya dau. Wapo wanaodhani ni mtindo, na kumbe ni mpindo wa gurudumu uliobaki kwenye mpira, na ukiivaa muda mrefu hunyooka.

Watu wa mjini wakiona akala husikitika, eti Wamaasai wameacha asili. Mimi siafiki hata kidogo. Akala inafanya kazi ile ile ya enamuke na inaifanya vizuri zaidi. Mwiba wa mgunga unaopenya ngozi iliyolowa hukwama kwenye mpira, ukauchomoa jioni kwa ncha ya kisu. Mvua haiiozeshi. Na ng'ombe hadaiwi chochote. Yule mzee aliyenikatia ngozi kwa ustadi wote ule, yeye mwenyewe miguuni alikuwa na akala, na alinikatia enamuke kwa sababu nilimwomba nione. Ukitaka kuwaona Wamaasai na kiatu chao cha leo, tazama miguu ya mlinzi wako. Vichochoro vya mji wetu havipitishi magari, punda ndio wabebaji wetu, kwa hiyo akala unayoiona ikipita vichochoroni mwa Lamu imevuka maji kutoka bara. Imekuja na mwenyewe.

Kabla sijaiacha soli nikuonye juu ya hadithi moja ambayo wageni wataileta kibandani kwako. Mwaka 1996 Mswisi aitwaye Karl Müller alianza kuuza viatu vyenye soli nene iliyopinda kama miguu ya kiti cha kubembea, akaviita MBT, na hiyo M ni ya jina la Wamaasai. Sifa iliyotangazwa ni kwamba vinamfanya mvaaji atembee kama Mmaasai. Ndiyo maana utakutana na mgeni atakayekwambia kiatu cha Kimaasai kina soli ya kubembea. Mwonyeshe akala iliyovaliwa hadi ikanyooka. Enamuke ni bapa kabisa, na Mmaasai anatembea vile anavyotembea kwa sababu ametembea tangu utotoni.

Sasa tufike kwenye shanga, ambako ndiko kikaratasi chako kilipoteleza.

Ushanga wa kioo ulifika kwa Wamaasai ukitokea huku pwani. Zamani zao walikuwa na mapambo ya mbegu, mifupa na chuma. Karne ya 19 misafara ilipanda bara kutoka Mombasa na Pangani ikiwa na mizigo ya shanga na nyaya, ikarudi na pembe za ndovu. Alikuwako mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimemeta, aliyeijua njia ya Umaasaini kuliko wengi. Mskoti Joseph Thomson alipovuka nchi ile mwaka 1883 alifuatana naye. Shanga zenyewe zilitoka Venice, na baadaye Bohemia, ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Na usidhani Wamaasai walipokea chochote walicholetewa. Walitaka rangi fulani, ukubwa fulani, zitungwe kwa urefu fulani, na rangi iliyopendwa msimu huu haikuwa lazima ipendwe ujao. Mfanyabiashara aliyekosea alikwama na mzigo wake. Mababu zetu wa pwani walilazimika kujifunza macho ya wanawake wa Kimaasai, vinginevyo wale hasara.

Lakini uliwekwa wapi mwilini? Shingoni, masikioni, kichwani, mikononi, vifundoni. Mwanamke wa Kimaasai aliyejipamba anaweza kubeba duara juu ya duara za shanga shingoni, na chini ana akala isiyo na punje moja. Sisi nasi tunajua ushanga unakaa wapi: bibi zetu walivaa utunda kiunoni, hawakuutunga kwenye mitawanda, viatu vyao vya mbao. Hii kanda ya shanga iliyoshonwa juu ya soli ya ngozi iliyotiwa dawa ni kiatu cha soko. Kimekua pamoja na utalii, na kimekua mbele ya macho yangu. Nilipoanza kazi Langoni hakuna aliyeniletea kanda za shanga. Kisha wakaanza kuja vijana wa Kimaasai kutoka Malindi na Watamu na vifurushi vya kanda zilizotungwa na mama zao na dada zao huko kwao, wakitaka soli. Leo nusu ya kazi yangu ni hiyo.

Jozi moja ya aina hiyo ninayo hapa mbele yangu ninapoandika. Kanda ina upana wa vidole viwili. Chini ni ngozi laini ya mbuzi, juu yake shanga zimelala safu kwa safu, zimeshonwa kwa uzi wa nailoni, na kila baada ya punje nne uzi umerudi chini ukaishika ngozi. Mtungaji mvivu hurudi baada ya punje nane au kumi, na hiyo ndiyo kanda inayomwaga shanga mgeni akiwa hajafika hata ufukweni. Wewe unapopokea mzigo geuza kanda uangalie mgongoni: ukiona mishono imesongamana, mama aliyetunga ni hodari, mlipe bei yake. Ukiona mishono mirefu yenye nafasi, rudisha. Pembeni mwa kanda naona mishono yangu mimi, ya uzi mzito wa nta, niliyoipitisha kwa msharasi kuifungia kwenye soli. Ngozi ya soli imetoka kwa ng'ombe wa Waorma wa bara yetu hii. Umeona basi kiatu hiki kina watu wangapi ndani yake?

Ndiyo sababu sikwambii ukiite bandia. Ni kiatu cha kweli, kilichotengenezwa kwa mikono ya kweli, ila si cha enzi za mababu. Umri wake haufiki wangu.

Kosa la pili ni zile rangi. Orodha ya nyekundu ushujaa, nyeupe amani, buluu mbingu, kijani majani, utaipata kila mahali, na hata baadhi ya Wamaasai wenyewe wataitaja mgeni akiuliza, kwa kuwa mgeni hupenda jibu fupi. Haikutoka hewani: maziwa ni meupe, damu ni nyekundu, na vitu hivyo vina uzito kwao. Ila haisomeki kama barua, kwamba ukiona rangi umeona neno. Nilikaa na mama mmoja bomani siku nzima akitunga. Nikamwuliza, hii nyeupe hapa kati ya nyekundu na buluu maana yake nini? Akanitazama kwa muda, kisha akasema: ili nyekundu ionekane. Akaniondolea ile nyeupe, akanionyesha jinsi zile mbili zilivyomezana. Hiyo ndiyo elimu yake. Rangi zinapangwa zikatane, zipumue, na kila upande wa Umaasaini una mpango wake na kila rika la morani hutokea na mtindo wake. Mama yule aliweza kutazama ukosi wa mwanamke anayepita na kunambia katoka upande gani, kabla hajafungua mdomo.

Na nyeusi kuwa huzuni, hilo ndilo naona lilimnyamazisha mlinzi. Hilo ni la watu wengine, mwanangu, si lao. Wamaasai wanamzungumzia Engai Narok, Mungu mweusi, na Engai Nanyokie, Mungu mwekundu. Mweusi ndiye mwema, mwenye mvua na majani, na mwekundu ndiye wa ghadhabu na ukame. Wingu jeusi kwa mchungaji ni rehema. Hata mji wa Narok umepata jina lake kwa mto wa Enkare Narok, maji meusi, na hakuna aliyeuita hivyo kwa kuomboleza. Umechukua rangi ya baraka yao ukaiandika msiba, ukaifunga kwenye kiatu. Futa hilo leo, kabla hata ya mengine.

Jambo dogo lakini usilipuuze: sisi watu wa pwani tunamwita Mmaasai kila mwenye shuka nyekundu na shanga. Wengi walioko Malindi, Watamu na hapa Lamu ni Wasamburu, waliotoka pande za Maralal. Lugha yao ni Kimaa pia, na mambo mengi wanafanana, lakini ni watu wenye jina lao. Muulize anayekuletea kanda. Haitakugharimu chochote, na utaona uso wake utakavyobadilika.

Kuhusu tohara, mwambie mteja wako amwulize sheikh wake, mimi ni fundi. Ninachokijua kwa kazi yangu, na nilichofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafii, ni kwamba ngozi ya mnyama aliyechinjwa kisheria haina neno, na ngozi ya mzoga ikishatengenezwa kwa magome au dawa ya namna hiyo hutoharika, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Soli unazouza zimetengenezwa. Enamuke ya ngozi kavu isiyotiwa dawa ndiyo ya kuulizia, nayo huiuzi.

Basi uandike nini? Ningekuwa mimi ningeandika hivi, na nimeyapunguza yaenee kwenye kikaratasi chako: "Shanga za kiatu hiki zimetungwa na mwanamke wa Kimaasai wa Kajiado. Soli imekatwa na kushonwa Lamu. Wamaasai wenyewe hutembea kwa viatu vya ngozi ya ng'ombe, na siku hizi vya tairi. Shanga huzivaa shingoni na masikioni. Kiatu hiki ni cha pwani na bara kwa pamoja." Mahali pa Kajiado weka pale zilipotoka kweli, na kama ni Msamburu andika Msamburu. Mtungaji akikubali jina lake liandikwe, liandike, na usiandike bila kumwuliza. Usihofu kwamba wateja watapungua. Mimi nimewaeleza hivyo wanaokuja Langoni, na mara nyingi mtu aliyetaka jozi moja huishia kugeuza kanda mgongoni kuhesabu mishono, akachukua mbili.

Na kwa mlinzi, nenda na kikaratasi kipya kabla hujakichapisha. Mpe salamu, mwambie, ndugu yangu, nimekisahihisha, kisome. Usimwulize maana ya rangi. Mwulize viatu vyake vya kwanza alikatiwa na nani, na ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Halafu kaa kitako, maana hatamaliza upesi.

Zile enamuke zangu bado ninazo, zimejikunja, nimezitundika ukutani juu ya kigoda, mbali na unyevu. Ukivuka kutoka Shela njoo uzione, na uniletee ile mizigo yenye mishono mirefu. Nyingine zaweza kuokolewa kwa kuzipigia mshono wa pili kutoka chini.